Chafya ya Kasuku wa Mzee Tonui

Nikisikia mtu akipiga chafya, mwanangu, hata kama ni kanisani katikati ya maombi, akili yangu hurudi Kimulot, siku ile tulipomtajia majina mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa mke mgeni katika boma lile, bado sijazoea hata baridi ya huko juu karibu na msitu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nyumba ilijaa wanawake, na gambuti zao zenye tope zilikuwa zimesimama mlangoni kama watu waliokatazwa kuingia. Vuta kiti ukae. Chai bado ina moto, na mimi leo sina haraka.

Kwanza nikujulishe ndege. Baba mkwe wangu, Mzee Tonui, alikuwa mpishi kwa miaka mingi katika nyumba ya mkubwa mmoja wa shamba la chai. Mkubwa huyo alipohamishwa alimwachia kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, pamoja na kizimba na karatasi za ruhusa, maana ndege wa aina hiyo hafugwi hivi hivi kama kuku. Mama mkwe hakufurahi hata kidogo. Alisema amengoja miaka yote hiyo mume arudi na ng'ombe wa gredi, naye amerudi na ndege anayekula kuliko mgeni. Kizimba kikatundikwa barazani, na ndege akapewa jina la Karani.

Jina hilo alilipata kwa kazi yake mwenyewe. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha kuuzia majani chai, na karani wa mizani pale alikuwa na sauti ya kutisha. "Nani anafuata? Weka juu! Toa mkono!" Alipiga kelele za kutoa mkono kwa sababu sisi akina mama tulikuwa na tabia ya kuegemea gunia kidogo likiwa kwenye mizani, usiniulize kwa nini. Haukupita muda, ndege akawa anapaza maneno yale yale kwa sauti ile ile, hata siku ambayo majani hayapimwi. Wanawake walitoka mbio shambani na vikapu mgongoni, wakafika kituoni wakakuta pamefungwa. Walimtukana sana yule ndege, naye akaongeza matusi mawili matatu kwenye maneno yake.

Watu hudhani kasuku anafundishwa. Mume wangu, Joel, alidhani hivyo. Alikuwa mwanakwaya, akataka ndege aseme "Bwana asifiwe" wageni wakiingia. Kila jioni alisimama mbele ya kizimba, "Bwana asifiwe, Karani, Bwana asifiwe," polepole, kama mwalimu wa chekechea. Ndege alimtazama kwa jicho moja, halafu akamgeuzia la pili. Mwishowe Joel alichoka, akapiga kizimba kofi akasema, "Aii, wewe wacha tu!" Kesho yake asubuhi mchungaji alipita kutusalimu, na neno la kwanza alilopokewa nalo barazani ni, "Aii, wewe wacha tu!" Ilikuwa sauti ya Joel kabisa, mpaka mchungaji akaangalia nyuma ya mlango.

Daktari wa ng'ombe aliyekuwa akija kwetu ndiye aliyenielewesha. Alisema kasuku hana midomo kama yetu. Sauti yake inatengenezwa chini kabisa ya koo, karibu na kifua, ndiyo maana anaweza kuwa mtu, akawa mlango, akawa breki za lori la chai. Huko msituni wanaishi wengi pamoja na huitana mchana kutwa. Huyu wa kizimbani hana wenzake, kwa hiyo watu wa nyumba ndio kundi lake, na anatafuta sauti ya kumfanya aitikiwe. Neno linalosemwa kwa baridi halimshughulishi. Linalosemwa kwa uchungu au kwa furaha, likisemwa tena na tena saa ile ile, hilo analichukua. Jioni, giza likianza kuingia, ungemsikia akinung'unika peke yake kwa sauti ya chini, akijaribu, akikosea, akirudia, kama mtoto anayeanza kusema. Siku akilipata, analitoa likiwa kamili.

Na kuna jambo lingine alilonieleza daktari, ulishike vizuri, kwa maana hadithi yote iko hapo. Alisema kasuku hashiki sauti peke yake, anashika na ile iliyotangulia. Komeo la mlango likilia, Karani alisema "Karibu" kabla ya yeyote kuonekana. Mfuniko wa sufuria ukigonga, yeye alitoa mlio wa chai ikimiminwa. Moja likija, alilijibu kwa lile linalofuata, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuyasikia.

Miongoni mwa sauti zake kulikuwa na chafya. Ilikuwa chafya ya Mzee Tonui, nzito, ya kuanzia mbali na kumalizikia puani. Mzee alikuwa mtu wa ugoro, akiuweka katika kipembe kidogo alichokivaa shingoni. Hatukushangaa ndege kuijua chafya hiyo. Kila mtu pale nyumbani aliijua.

Sasa nikwambie kuhusu jina lililokatazwa. Mzee Tonui alikuwa na kaka yake mkubwa, Chepkwony. Walilelewa pamoja, wakachunga pamoja, na hata kile kipembe cha ugoro walikitumia wote wawili ujanani. Baba yao alipofariki waligombania mteremko wa malisho ulio juu ya kijito. Chepkwony alitaka upandwe chai, Tonui alitaka ubaki wa ng'ombe. Maneno yakawa makali, na mdogo akamwambia mkubwa mbele ya watu, "Ukitoka hapa, hiyo jina yako isisikike tena kwa hii boma." Chepkwony akatoka. Alihamia Sigowet, kule kwenye joto, akaoa huko, akazaa huko, na akafa huko kwa homa. Mzee Tonui hakwenda kuzika. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kulitaja jina lile nyumbani. Mimi nilikatazwa juma la kwanza tu nilipoolewa, kabla hata sijaonyeshwa njia ya kisimani.

Turudi siku ya majina. Sisi Wakipsigis mtoto akizaliwa, wanawake wazee wa upande wa baba humzunguka, wakamtajia majina ya watu wa ukoo waliotangulia, moja baada ya jingine. Wakitaja jina, wanangoja. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, hilo ndilo lake, na yule mzee wa kale amerudi nyumbani. Tulikuwa watu wa kanisa, na jina la ubatizo lingekuja baadaye, lakini hili halikuachwa. Wengine huisaidia chafya kwa kumwekea mtoto ugoro kidogo sana karibu na pua. Shangazi Rael alisema yeye hafanyi haraka na mtoto wa mtu.

Shangazi Rael alikuwa dada yao Mzee Tonui na marehemu Chepkwony, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Asubuhi ile mzee alimwita kando barazani, nami nikasikia kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi.

"Rael, taja wote. Lakini ile moja, wacha."

"Moja gani?"

"Unajua."

"Mimi nitataja watu wa mama yangu wote," alisema shangazi. "Kama wewe hutaki kusikia, enda ukae na ng'ombe."

Mzee hakwenda kwa ng'ombe. Alibaki barazani, karibu na kizimba, ukuta wa mbao tu ukimtenga na sisi.

Nilimshika mtoto mapajani, uso wake ukitazama juu. Shangazi akaanza. Alitaja jina, tukangoja. Akataja jingine, tukangoja. Mtoto alipiga miayo, akanyonya ngumi yake, akamkodolea macho nyanya mmoja aliyekuwa na shanga. Ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilisikia maji yakidondoka kutoka bati. Halafu shangazi akanyoosha mgongo, akasema wazi, kwa sauti ambayo mtu wa barazani lazima aisikie:

"Chepkwony."

Ikaja chafya.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbao zikatetemeka. Shangazi Rael, ambaye sijawahi kumwona hata akilegeza uso, alifunika macho kwa viganja akalia kwa sauti, "Ndugu yangu amerudi! Amekuja mwenyewe!" Na mimi nilikaa pale nimeganda, mwanangu, kwa kuwa mtoto alikuwa mapajani mwangu na nilikuwa nikimtazama usoni. Mtoto hakupiga chafya. Alikuwa bado ananyonya ngumi.

Fikiria mahali nilipokuwa. Ningenyamaza, mwanangu angebeba maisha yake yote jina ambalo halikumjia, na jina ambalo babu yake, mwenye boma, hakutaka kulisikia. Ningesema, ningemnyang'anya mwanamke mzee ndugu yake mara ya pili, tena mimi, mke mgeni, mbele ya ukoo mzima. Niliogopa, sitakuficha. Lakini jina la mtoto si langu kulifanyia mchezo.

"Shangazi," nikasema, "pole. Mtoto hajapiga chafya."

Vigelegele vikakatika. Mama mkwe alinikazia macho kana kwamba nimemwaga maziwa.

"Nani amepiga basi?" akauliza shangazi. "Mimi?"

"Ni Karani. Mimi ndio nimeshika mtoto. Huyu hajapiga."

Nilitegemea matusi. Shangazi Rael alinitazama, akamtazama mtoto, akapitisha kidole chini ya pua yake kikatoka kikavu. Akajifuta machozi kwa kitenge. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Aligeukia ule ukuta wa mbao akaita kwa utulivu, kama anayejaribu kama kuna mtu nyumbani:

"Kiplangat."

Kimya.

"Arap Sang."

Kimya.

"Chepkwony."

Chafya. Nzito, ya kuanzia mbali na kumalizikia puani.

Akarudia mara nyingine, na ndege akajibu vile vile. Wale wanawake waliokuwa wameanza kucheka wakaacha. Mimi nilikumbuka maneno ya daktari wa ng'ombe. Ndege hashiki sauti peke yake, anashika na ile iliyotangulia. Ili apige chafya kwa jina hilo, ilibidi awe amelisikia likifuatwa na chafya, si mara moja, bali asubuhi nyingi sana. Na katika boma lile ni mtu mmoja tu aliyepiga chafya namna ile.

Shangazi alifungua mlango wa baraza. Mzee Tonui alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kipembe cha ugoro mkononi, kichwa ameinamisha.

"Tonui," shangazi akasema, "huyu ndege amefundishwa na nani?"

Mzee alikifunika kipembe kwa kiganja. Akasema kwamba asubuhi, sisi tukishakwenda kuchuna chai na mama akiwa kwenye maziwa, yeye hufungua kipembe. Chembe ya kwanza huidondosha chini, nje ya baraza, na kusema polepole, "Chepkwony, shika yako." Halafu yeye hunusa. Alisema ndivyo walivyokuwa wakigawana wakichunga, mkubwa kwanza, na hakuweza kunusa bila kumpa. Alisema hivyo akitazama sakafu, mzee mzima, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya ndege.

Hakuna aliyemcheka. Shangazi Rael alikaa kwenye ngazi miguuni pake, na nilidhani sasa atamfariji. Hakumfariji.

"Watoto wake wako Sigowet," akamwambia. "Wanajua umemchukia mpaka kwa kaburi. Sisi wote tumejua hivyo. Wewe jina nzuri unapatia ndege, sisi unatupatia hasira?"

Baadaye Karani alipelekwa jikoni kwa jirani akiwa amefunikwa gunia, akituuliza njia nzima nani anafuata. Majina yakaanza upya. Shangazi alilitaja la Chepkwony tena, zamu hii mzee akisikiliza na mlango ukiwa wazi, na mtoto akalala fofofo. Alipiga chafya yake mwenyewe, ndogo ya kitoto, kwa jina la Cheruiyot, babu wa mbali ambaye hakuna aliyekuwa na neno naye. Ndilo jina lake hadi leo. Nilidhani shangazi angesikitika, lakini alimbusu mtoto utosini akasema Cheruiyot alikuwa mkamaji mzuri wa ng'ombe.

Juma lililofuata tulikwenda Sigowet, Mzee Tonui, Shangazi Rael, na mimi na mtoto mgongoni. Mzee alivaa koti lake la kanisani. Tulimkuta mjane wa Chepkwony akianika mahindi uani, mwanamke mnene mpole, na mwanawe mkubwa, Weldon, akitengeneza ua. Walitupokea vizuri, wakatuletea viti na maziwa ya mursik. Mzee alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno yake. Alisimulia yote, kipembe, chembe ya kwanza, hata ndege, na akamaliza kwa kusema hakukuwa na siku aliyomsahau kaka yake.

Mjane alimsikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti, wala hakulia.

"Shemeji," akasema, "kongoi kwa kuja. Nimesikia, na nimeshukuru. Lakini hayo maneno ungemletea wakati alikuwa na masikio. Alikuwa anakaa hapa kwa huu mlango, anaangalia hiyo barabara."

Akanyoosha kidole kuionyesha. Ilikuwa barabara ya vumbi tu, na mtu mmoja anapita na baiskeli. Mzee Tonui aliitazama muda mrefu, halafu akaketi. Sijaona mtu akikemewa kwa upole kiasi kile, na sijaona kemeo likiingia kama lile. Tangu siku hiyo alikwenda Sigowet kila msimu, akawagawia watoto wa kaka yake ule mteremko wa malisho, na Weldon akapanda chai pale pale baba yake alipotaka ipandwe. Yalikuwa mema, nayo yalituponya. Lakini mara nyingi nilimwona mzee amekaa barazani, akiiangalia barabara yetu kama yule mwingine alivyoiangalia ya kwake.

Mzee Tonui sasa amepumzika, na Shangazi Rael pia. Cheruiyot ni baba wa watoto. Karani bado yuko, maana ndege hawa huishi umri wa watu. Manyoya ya kifuani yamepungua na anasinzia mchana, ila masikio yake ni mazima. Watoto wa Weldon wakija kutoka Sigowet, kabla ya chai hukimbilia kizimbani. Wanasimama mbele yake, wanataja jina la babu yao, "Chepkwony," na kutoka kwenye kile kidomo cheusi inakuja chafya ya Mzee Tonui, kama vile yuko hapo amefungua kipembe. Watoto huanguka kwa kicheko. Weldon hucheka nao, halafu huenda nyuma ya nyumba kidogo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Lile neno jema ulilo nalo kwa mtu, mpelekee mwenyewe angali na masikio. Usimpe ndege. Siku hizi hamna kasuku, mna simu. Naona mnaweka picha ya mtu kwenye status akishazikwa, mnaandika jinsi mlivyompenda, na mioyo mingi myekundu, na huyo mtu alikaa miaka akiangalia barabara. Hasira yako unamwambia mtu ana kwa ana, mapenzi yako unamwambia asiyeyahitaji. Mzee Tonui hakuwa mtu mbaya. Alimpenda kaka yake kila asubuhi ya maisha yake, na kaka yake akafa bila kujua, kwa sababu kiburi kilimwachia kusema tu pale asipoweza kujibiwa.

Na jambo la pili, dogo. Katika nyumba yako kuna anayesikiliza, hata kama ni mtoto anayenyonya ngumi. Hatachukua yale unayomfundisha kwa kusimama mbele yake kama Joel na "Bwana asifiwe" yake. Atachukua yale unayoyasema moyo ukiwa umejaa, kila siku, ukidhani uko peke yako. Mimi nina neno moja tu kwa Karani lenye sauti yangu. Mtoto akilia popote pale nyumbani, yeye husema, "Nakuja, mama, nakuja." Sikumfundisha. Ndivyo nilivyokuwa nikisema nikitoka chaini mbio, na nikiondoka duniani nitafurahi wakinisikia hivyo.

Najua kuna mtu amekupitia kichwani nikisimulia. Huyo huyo. Ukimaliza chai, toka hapo nje kwenye mtandao mzuri umpigie, na usianze na ya malisho.

Mungu akupe ulimi laini na miguu myepesi ya kwenda kwa watu wako. Mvua ya mawe isiguse chai yako, ng'ombe wako wasikaukiwe, watoto wako wakiita waitikwe. Na siku jina lako litakapotajwa katika nyumba iliyojaa wanawake, mvua ikidondoka kwenye bati, asiwepo hata mmoja wa kusema liachwe.